Mji wa Boriti Moja

Ami Bunu alirudi na ramani mwaka wa unga wa manjano,
ndani ya bomba la bati lililofungwa kwa kitambaa.
Miaka sita alikuwa kwa wenzetu wa theluji,
akinywa supu ya kabichi kwenye bwalo la watu mia nne.
Alirudi na neno moja: sawa.

Aliikunjua darakani pa Mkomani,
akazibana pembe kwa viatu vyake na vikombe viwili vya kahawa.
Nyumba mia na ishirini, kimo kimoja.
Jiko moja. Birika moja. Dobi kwa zamu.
Na wikio juu ya kila kichochoro,
mtu atoke Langoni afike Mkomani
bila kukanyaga chini, bila kupiga hodi.

Watu waliitazama kama mwezi mwandamo,
kila mtu akaona lake.
Sharifu Twaha aliuliza msikiti uko wapi.
(Ami alikuwa ameusahau. Akauchora papo hapo.)
Mwenye punda aliuliza mavi atayapeleka wapi.
Bi Mwana Esha, mpishi wa arusi miaka arubaini,
hakuuliza ukubwa wa jiko:
"Na hiyo sufuria ya watu mia nne,
jina la anayeisugua mmeliandika wapi?"

Ami alilitafuta hadi adhana ya alasiri.

Mji haukujengwa. Bomba lilikaa juu ya kabati,
mende wakaishi humo kwa ujamaa kamili.

Leo mpimaji ni mimi. Naingia na tepu ya chuma
majumba yaliyonunuliwa na wageni, yenye kufuli za namba.
Ukumbi wa tajiri wa pembe za ndovu: upana futi tisa.
Chumba cha mshona kofia, Langoni: futi tisa.
Kwa kadhi, futi tisa na kidole.
Boriti ni mkoko, na mkoko una kiasi chake,
haumjui aliyelipa.
Tajiri aliongeza ghorofa, aliongeza zidaka,
akazijaza sahani za Uchina;
upana ulimshinda.

Nilicheka peke yangu mle ndani, nikaliandika
pembezoni mwa ripoti, pasiposomwa na mtu.

Kisha nikamkumbuka aliyesimama topeni,
maji ya kiuno, shoka mkononi, akizikata.
Yeye alilala chini ya makuti.
Hakuna ukuta uliobaki wa kupima.

Nalitafuta jina lake karatasi baada ya karatasi.
Adhana ya alasiri hiyo.