Wa Pili

Ripoti ya kamati imefika saa tisa alasiri,
na nje ni usiku tangu saa saba.
Tromsø mwezi Desemba, jua ni habari ya kusimuliwa.

Kurasa kumi na nne. Waombaji arobaini na mmoja.
Nafasi moja: utafiti baada ya uzamivu, miaka mitatu.
Desturi ya hapa kila mwombaji huletewa ripoti,
asome alivyopimwa, asome na wenzake walivyopimwa,
kama samaki mezani, kila mmoja na kilo zake.

Haukenes, Eldbjørg. Ndiye mimi.
“Mwangalifu. Machapisho sita.
Ufundishaji: mzuri. Upeo: wa wastani.”
Wa wastani!
Nimeukodolea macho upeo wangu dirishani:
taa za daraja, theluji ikianguka kimshazari,
na jirani yangu Oddvar na koleo lake,
anaondoa iliyoanguka, inaanguka nyingine.

Kazi yangu ni vijiwe vya masikio ya torsk,
samaki wa maji baridi.
Kijiwe nakikata, nakiweka chini ya hadubini,
nahesabu pete zake:
mwaka wa shibe, pete pana;
mwaka wa njaa, uzi.
Nami ningekatwa hivyo hivyo wangeona
Bergen, uzamivu, miaka minne, pana;
Trondheim, mkataba, miaka miwili, nyembamba;
Bodø, miezi kumi na mmoja,
uzi.

Nimepangwa wa pili.
Wa pili hakukataliwa, wala hakuchukuliwa.
Wa pili hukaa na simu mapajani
akiomba mwenzake apate kheri, lakini kwingine.

Na mwenzangu namjua. Jadwiga Wrona, wa Gdynia.
Tulifanya kazi meli moja, wiki tano,
bahari ilipochafuka alinishikia ndoo
huku akinihesabia mawimbi kwa Kipolandi.

Saa kumi na moja ananiandikia:
“Kiel nao wamenipa. Sijakata shauri.
Wewe uko huko. Niambie, kunakalika?”

Nikaandika: giza ni miezi miwili, linaingia mifupani.
Nikafuta.
Ni kweli, ila sikuliandika kwa ajili ya ukweli.
Nikaandika: kodi za nyumba zinaua.
Nikafuta.
Chai ikapoa. Koleo la Oddvar likanyamaza.

Nikaandika:
kunakalika.
Jirani yangu ana chumba, bintiye amehama,
kina dirisha la kusini, kwa hiyo Januari jua litaanzia kwako.
Elfu saba kwa mwezi.
Kuni juu yako.