Sururu ya Celestino

Mgodi wa Brosalta ulifungwa Jumanne,
theluji ikiwa magotini.
Mkurugenzi alisoma barua bila kuvua glavu.
Baba alirudi nyumbani na taa, na kofia,
na chakula chake hakijaguswa.
Sururu aliisahau ngazi ya tatu,
dimbwini, pale mwamba unapodondosha maji.
"Nitaifuata kesho," alisema.
Kesho hiyo ilichukua miaka arobaini na mitatu,
na aliyeifuata si yeye.

Niliingia na Tullio, mtoto wa dada yangu Ermelinda,
anayesomea mawe huko Torino
na kuyaita kwa majina yao kamili
kama padri asomapo orodha ya marehemu.
Malakiti, akasema, tochi ikipanda ukutani:
kijani cha ukungu juu ya jibini iliyosahauliwa.
Azuriti: buluu ya joho la Bikira kanisani kwetu,
upande ule usiopigwa jua.
Pairiti, iliyowahi kumdanganya babu mzaa babu.
Na hii nyeusi, nzito, iliyoinasa sumaku yake ikagoma kuachia,
magnetiti.
"Hii ndiyo iliyowalisha, mjomba."
Ndiyo iliyotula, nikamjibu.

Maana chuma hukuchuma wewe
ukidhani unakichuma.
Na shaba tuliichimba, haikutushibisha:
mama aliikata sima ya mahindi kwa uzi, kama desturi ya huku,
uzi ule ule alioshonea soksi zetu,
na kila mwaka vipande vilizidi kuwa vyembamba
mpaka ukaweza kuliona dirisha kupitia kwavyo.
(Natia chumvi. Lakini kidogo.)

Juu ya magogo ya zamani kulikuwa na nywele za buluu,
fuwele laini, ukizipulizia zinavunjika.
Sikuwahi kumsikia baba akizitaja.
"Hazikuwapo," Tullio akasema. "Zimeota baada yenu.
Zilihitaji hewa, unyevu,
na mtu wa kutozigusa."

Kisha dimbwi.
Kisha mkono wa Tullio ndani ya dimbwi, hadi kwapani.
Kilichotoka kilikuwa chekundu,
chekundu cha sufuria mpya siku ya harusi,
na umbo lake nilikuwa nalijua.
"Si chuma tena," akasema. Akanieleza polepole,
kama tunavyowaeleza wazee:
maji haya yamebeba shaba iliyoyeyuka;
chuma hujitoa kwa maji, chembe kwa chembe,
na kila chembe inayoondoka
shaba hukalia kiti chake kabla hakijapoa.
Hakuna anayesikia. Umbo halisogei.

Nami nikakumbuka daktari wa bondeni
akiinua picha ya kifua cha baba dhidi ya dirisha.
Humo pia jiwe lilikuwa limekuja taratibu,
likikalia viti vya pumzi,
na kwa nje alikuwa Celestino yule yule,
masharubu yale yale,
akiuliza kama anaruhusiwa kuvuta.

Siku hizi Jumamosi huja watu na nyundo ndogo
na magazeti ya kufungia mawe.
Wanapekua lundo tulilotupa.
Mmoja alituona tukitoka, akataja bei.
Akaipandisha.
Tullio akanitazama. Nikaendelea kutembea.

Ermelinda aliipokea jikoni, mikono ina unga.
"Hii siyo ya kwake," akasema.
Ila dole gumba lake lilikuwa limeshaanza kupapasa,
likafika kwenye ncha, kwenye lile pengo
lililomeguka kesho yake ya sikukuu ya Santa Barbara
walipopigana yeye na mwamba, wote wawili wamelewa.
Dole likatulia humo.
Sufuria ikachemka, ikamwagika, hakuna aliyeinuka.

"Na mpini?" akauliza. "Mpini uko wapi?"

Kichwa cha sururu kilikuwa cha kampuni, kina namba.
Mpini aliuchonga mwenyewe, kibarazani, majira mawili ya baridi.
Maji yalikuwa yameuchukua,
na mahali pake
hayakuweka kitu.