Daraja la Kwanza

Saa tisa usiku, Umoja. Mfereji wa jirani unakohoa hewa.
Mimi na simu tumejifunika blanketi moja
tunatafuta kiti.
Ochanda wa dukani ndiye aliyenifundisha:
viti vya alama havifunguki mchana, mama,
hufunguka kama kuku atagavyo kichakani,
bila mashahidi, na ukichelewa utaokota maganda.

Nina alama laki moja na elfu arobaini na sita na mia nne.
Ni miaka kumi na mmoja hiyo
ya beringi, brekipadi na diski za klachi,
Guangzhou na kurudi, magoti kidevuni,
kiti cha katikati, karibu na choo,
mkoba wa sampuli nimeupakata kama mtoto mwenye homa.
Kuna elfu nne na ushei zilizoingia wiki ile
walipomzika Nzioka, kaka yangu, kule Wote,
nami nabishania bei ya fenibelti, ghorofa ya sita.
Hizo sijui nizihesabuje.

"Zinalika?" waliniuliza wenzangu wa chama.
"Zinauzwa? Zinalipa karo?"
Nikasema haziliki, haziuzwi,
na zisipotumika zinaoza Desemba.
Mweka hazina akafunga daftari:
"Basi hiyo si akiba. Hiyo ni imani."

Darasa la nane nilipata alama mia mbili na tatu.
Kati ya mia saba.
Mwalimu Kitonyi alizisoma mbele ya gwaride, polepole,
kama anayetangaza bei ya kitu kibovu,
kisha akasema: Mutheu na daraja la kwanza
ni mbingu na ardhi.

Saa tisa na dakika ishirini na moja.
2A.
Kimoja tu, kama jino la mtoto.
Wala si kiti, ni kitanda: kinalala sawasawa,
kina mlango, kina taa yake, kina pajama
(nivae pajama mbele za watu?).
Alama laki moja na elfu arobaini na sita, mia mbili na kumi,
za kwenda tu; kurudi nitarudi na magoti yangu.
Na juu yake shilingi elfu thelathini na nane
za kodi na mafuta.
Bure ghali. Wahenga hawakupanda ndege lakini walijua.

Kidole kikasimama juu ya kioo.
Nikafikiria tangi la maji la mama.
Nikafikiria mgongo wangu.
Nikakumbuka kwamba alama hazinunui tangi.
Nikabonyeza haraka, kabla akili haijaamka.

Asubuhi Barabara ya Kirinyaga ilikuwa ileile:
grisi, miluzi, mkokoteni umeziba njia.
Mwalimu Kitonyi akaja, mstaafu, na kofia yake,
anataka klachi ya Peugeot, kwa mkopo, kama kawaida.
Mwaka wa sita huu ananunua kwangu,
hajawahi kunikumbuka.
Mimi nakumbuka hata harufu ya chaki kwenye koti lake.
Maneno yakanijaa kinywani kama ugali wa moto,
huwezi kutafuna, huwezi kutema mbele ya mgeni.
Nikameza.
Nikamuuliza tu: ya mwaka gani, Mwalimu?
Ya sabini na tisa, akasema, bado inavuta.
Nikamwandikia risiti. Kalamu iliyokuwa karibu ilikuwa nyekundu,
haki ya Mungu sikuichagua.

Ochanda akachungulia simu yangu juu ya kaunta:
"Mama, umebaki na mia moja na tisini."
Chini hata ya zile za darasa la nane, nikamwambia.
Hakuelewa.
Akapanda ngazi kutafuta klachi.