Sanduku la Darasa la Tatu B

Mwaka wa arobaini na moja huu nimekalia kiti cha watoto,
magoti yakigusa meza, ukutani jedwali la kuzidisha
na mto Po uliopakwa buluu kupita kiasi.
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Basi kata ndiyo mimi, Ornella Bertasso, mhesabu kura,
na mtungi ni huu wa boksi, wenye lakiri mbili.

Zamani kazi ilikuwa nyepesi.
Kabla kahawa haijapoa, sauti ya msimamizi
ilishika mwendo wa cherehani:
wekundu, wekundu, wekundu, kanisa, wekundu.
Wa kanisa tuliwajua: Piera wa duka la uzi,
masista wanne, na mfamasia aliyekana hadi kufa.
Waliobaki walitoka kiwanda cha matairi,
na harufu ya mpira iliingia nao kibandani,
ikaganda kwenye karatasi.
Ningeweza kuhesabu kwa pua.

Kiwanda kilifungwa mwezi wa Machi.
Hakuna aliyebadili chama siku ile.
Ukuta haupati unyevu kwa siku moja:
leo doa chini ya dirisha, mwakani rangi inabambuka,
kisha unaegemeza mkono tu
na chokaa yote inakuja nao.

Kwanza zilikuja kura tupu.
Kisha zenye matusi. Mmoja alichora soseji,
kaichora vizuri, hadi vipande vya mafuta ndani yake;
tuliijadili dakika kumi, tukaiweka na zilizoharibika.
Kisha wale wa kufunga mipaka: kura tisa,
kura sabini,
na leo mia mbili na kumi na nne.

Penseli yetu haifutiki. Mkono wa mtu nao haufutiki.
Msalaba huu mzito, unaotoboa karatasi,
ni wa Calogero Sciortino wa ngazi C,
aliyekuja kutoka kusini na sanduku la kamba
akakuta vibao milangoni: *watu wa kusini hatuwapangishi*;
aliyebeba bendera nyekundu kwenye mgomo mrefu
hadi bega likaota sugu.
Msalaba ni uleule. Umehamia nembo nyingine.

Juzi tulikutana mbele ya lifti iliyokufa.
"Hawa wa juu," akasema, "wanapika usiku wa manane."
Wa juu ni akina El Fassi, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani.
"Na wewe ulikaanga dagaa alfajiri miaka kumi,
ukitoka zamu," nikamjibu.
Akacheka mpaka akakohoa.
Sijui nikiweke wapi kicheko kile.
Jedwali langu halina safu yake.

Magazeti kesho yatatupaka rangi moja kwenye ramani.
Hayatapaka waliobaki kitandani wakisema wote lao moja,
zaidi ya nusu ya daftari,
wala wanaofagia soko na kulipa kodi
bila jina lao kuwamo humu.

Mchana aliingia Ilyas, kitinda mimba wa El Fassi,
uraia wake una wiki tatu.
Mama yake alisimama mlangoni, kamshikia koti
kama siku ya kwanza ya shule, shule hiihii.
"Nikikosea?" akauliza.
Nikamwonyesha penseli, nikanyamaza.
Alikaa kibandani muda mrefu.
Calogero, foleni nyuma yake, akagonga fimbo:
"Kijana, umelala?"
Kisha akamshikia mlango akitoka.

Jumatatu alasiri tulikata lakiri.
Katikati ya rundo nikakuta msalaba mwembamba,
umeanzwa, ukaachwa, ukaanzwa tena.
Ulikuwa juu ya nembo ya Calogero.
Huenda ni wa mtu mwingine; penseli ni ya wote.
Nikausoma kwa sauti ninayosomea zote,
na Saverio, bila kuinua macho,
akaongeza mstari.