Tone Moja Kila Saa

Miaka tisa, Barabara ya Nane, Ngamiani,
niliandika miwani tu.
Namba za jicho la kulia, namba za jicho la kushoto,
jumlisha, toa, basi.
Mtu akija na jicho jekundu nilikunja mikono
kama mgeni aliyealikwa karamuni akaambiwa asile.

Nilijua. Hilo ndilo lililouma.
Nilidondosha rangi ya manjano, nikazima taa,
nikaliona jeraha chini ya mwanga wa buluu
likiwaka kijani, dogo kama punje ya mtama,
nikamwambia mwenye jicho:
"Nenda Bombo, kamwone daktari."
Daktari ana zamu Jumanne.
Semkiwa alikuja Alhamisi.

Mkata mkonge; ncha ya jani ilimkuta ameinama.
Nikamwandikia rufaa kwa mwandiko mzuri,
sahihi, tarehe, muhuri.
Barua ilifika nzima. Jicho halikungoja.
Njiani alipita dukani, na muuza dawa,
ajuaye bei kuliko ajuavyo jicho,
akampa matone ya kuondoa wekundu.
Wekundu ukaondoka kweli,
ukaacha mlango wazi, ukungu ukaingia.

Aliporudi kwangu hakuja kulaumu.
Alikuja kuuliza kama kuna miwani ya chongo.

Msiniambie mwenye macho haambiwi tazama.
Mimi nilitazama.
Nililipwa mshahara wa kutazama.

Kisha wakaturudisha darasani, watu wazima wenye mvi,
magoti yakigonga madawati,
tukafundishwa lini dawa huponya na lini hupofusha,
jicho lipi la kubaki nalo,
na lipi la kukimbizwa usiku uleule.
Wako waliokunja uso: "Fundi miwani kapewa dawa!"
Sikuwajibu.
Fundi miwani mwenyewe alikuwa anaogopa.

Leo asubuhi kaingia Hoza, kijana wa korona,
vumbi la singa hadi kwenye kope,
kaziba jicho kwa kiganja kana kwamba litatoroka.
Rangi. Giza. Buluu.
Punje ya mtama, ukijani uleule.
Nikavuta daftari la dawa, si lile la miwani,
na kalamu ikawa nzito kama mtarimbo.
Nikaandika jina la dawa, nikalikata, nikaliandika upya
herufi kwa herufi,
kama mtoto anayejifunza jina lake.

"Tone moja kila saa, mchana na usiku."
"Saa sina, dada."
"Simu je?"
"Imekufa tangu juzi."
Basi tukakaa tukahesabu: king'ora cha korona,
adhana, redio ya jirani inaposoma habari.
"Na usiku?"
"Mwanakombo ana kichanga, usingizi wetu vipande vipande.
Ataniamsha."
"Maziwa yake usitie jichoni," nikasema.
Akacheka akitazama sakafu,
nikajua alishatia.

Kesho saa mbili arudi nimwone.
Likiwa limekua, nitampeleka mwenyewe Bombo,
sitatuma karatasi.

Sasa ni usiku, niko kwangu Chumbageni.
Saa sita ilipogonga niliketi kitandani.
Saa saba pia.
Saa nane nimejikuta nimeinua uso darini,
shingo nyuma, kope nimezifumbua kwa vidole,
nangoja tone
lidondoke kwenye jicho la mtu
aliye maili ishirini kutoka hapa.