Jua Mgongoni

Saa kumi na moja, Igombe, nimebakiza pikipiki mbili.
Mpira wa maji umetoboka karibu na pampu,
na pale unapotema manyunyu
Nyanzobe ameona upinde. Ameacha kandambili, anaukimbilia.
Nao unamkimbia.

Simama, namwambia. Lipe jua mgongo.
Usiutafute upinde, tafuta tone.
Mwanga huingia humo mweupe kama sembe,
hugonga ukuta wa nyuma, hurudi,
na mlangoni kila rangi hukata kona yake:
nyekundu mvivu, hupinda kidogo,
zambarau hulala kabisa
kama bodaboda aliyechelewa abiria.

"Bibi anasema ni joka linakunywa ziwa."

Bibi yako hakukosea sana. Maji aliyaona.
Mimi naongeza nyuzi tu: arobaini na mbili,
kuanzia kivuli cha kichwa chako.

Anapima kwa kiganja. Ananyamaza. Kisha:
"Kichwa changu? Siyo chako?"

Povu linanikaukia mkononi.
Ndiyo, mwanangu. Tone linalokupa wewe nyekundu
mimi hunipa kijani, au halinipi kitu.
Tumesimama pamoja, kila mtu na wake.

"Na mama, kule Ukerewe?"

Jua likiwa mgongoni,
mvua ikiwa usoni, anao.

Ananivuta shati nichuchumae,
anabandika shavu lake kwenye langu,
jicho kwa jicho, anabana.
"Sasa je?"

Mwenye pikipiki anapiga honi.
Karibu, namwambia. Karibu sawa.