Sindano ya Saba

Babu yangu, Shee Famau, alishona kanzu Malindi,
duka la mlango mmoja, nyuma ya soko la samaki.
Mwaka wa nzige walimjia alasiri wakihema:
njoo na uzi, njoo na sindano, kuna bawa limechanika.

Akadhani wanamtania. Ndege, na kitambaa?
Ndivyo. Bawa zima lilikuwa kitani
kilichovishwa mbavu za mbao, kikapakwa dawa
inayonuka ndizi zilizopitiliza kuiva.
Mgunga wa kiwanjani ulikuwa umelipasua
dhiraa moja na shubiri.

Rubani alijua maneno mawili, "maji" na "haraka".
Mengine akasema kwa vidole: mishono minane kwa inchi,
fundo kila baada ya sita, usivute mno.
Babu akacheka kimoyomoyo.
Kanzu ya bwana harusi ni kumi na miwili.

Akashona amelala chali,
na kwa kulala kule akaona yote:
tangi la petroli limekalia kiti cha abiria,
ngozi ya paa ya kuchujia mafuta,
ramani imeviringwa kwenye vijiti viwili,
saa mbili, moja ikimsahihisha mwenziwe.
Redio hapana.
Uzito wake ni mafuta ya saa nzima.
Na dira, imezama katika spiriti,
inaelea kama jicho la changu.

Alipoinuka kukata uzi, mkasi mkononi,
dira ikageuka, ikamtazama.
Rubani akapiga ukelele usiohitaji mkalimani.

Alfajiri ndege ikaruka, ikaufuata ufuo kwenda Mogadishu,
na baada ya Mogadishu, Aden, inshallah.
Babu akafungua kibweta chake.
Alikwenda na sindano saba.
Zilikuwa sita.

Karani wa posta alichoka kuulizwa.
Gazeti lilikuja na bei ya pamba.
Bibi akasema: sindano moja, Shee, uzito wa ukope!
Naye: mkasi haukuigusa. Uliisogelea tu.

Kipande cha kitani kilichobaki, kigumu kwa dawa,
alimshonea mama kofia ya kuchezea.
Mwaka jana niliifumua, pindo baada ya pindo,
miwani puani, sumaku ya mwanangu mkononi.
Harufu ya ndizi, kwa mbali sana.
Chuma, hamna.
Mishono niliihesabu mara mbili:
kumi na miwili kwa inchi.